Kila ofisi Mwanza inaandika saa yake

Chukua programu zozote tano zilizotengenezwa hapa Mwanza: ya kukata tiketi za basi, ya ada za shule, ya duka la pembejeo, ya zahanati, ya tajiri mwenye mitumbwi ya dagaa. Kama zimeandikwa kwa Python, JavaScript au PHP, zote zimebeba moduli (vipande vya programu vilivyo tayari) za watu wa mbali kwa kazi zinazofanana dunia nzima, kama kuongea na hifadhidata, kutengeneza PDF au kulinda nywila. Hilo ni jambo jema. Hakuna sababu ya kijana wa Nyegezi kukesha akibuni upya namna ya kusimba nywila wakati wataalamu wa fani hiyo wamekwisha kuifanya kazi hiyo, wakaikagua na kuigawa bure.

Lakini ndani ya kila programu kuna faili jingine, mara nyingi refu na lisilo na mpangilio, lililohamishwa kwa kunakili kutoka mradi uliotangulia. Humo ndimo mna namna ya kusafisha namba za simu, ya kugeuza saa ya Kiswahili kuwa saa ya kompyuta, ya kutenga VAT kwenye bei, ya kuandika "shilingi laki tatu na elfu ishirini" kwenye stakabadhi. Mwenye mradi wa pili ananakili pamoja na makosa ya mradi wa kwanza. Akigundua kosa analirekebisha kwake, wengine wanabaki nalo. Nasema bila kumung'unya maneno: faili hilo ndilo limebeba maarifa ya kwetu katika programu nzima, na ndilo tunalolitunza vibaya kuliko kitu kingine chochote. Yaliyomo yanastahili kutolewa humo na kufanywa moduli kamili, zenye majaribio ya kuzikagua, namba ya toleo na mtunzaji anayejulikana, kisha ziwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuzipakua.

Nianze na saa, kwa kuwa ndiyo inayoonekana nyepesi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakuambia: ongeza sita. Saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 10 jioni ni 16:00, kazi imekwisha. Kisha inakuja saa 12 asubuhi, ambayo ni 06:00, wakati 12 ukiongeza 6 unapata 18. Anaweka sharti. Inakuja saa 1 usiku, ambayo ni 19:00. Anaweka sharti jingine, usiku uongezewe 18. Inakuja saa 6 usiku, ambayo kwa sharti hilo jipya ni 24, na Python inaikataa kwa sababu saa zake zinaanzia 0 na kuishia 23. Saa 11 alfajiri ni 05:00, lakini wapo wanaoandika saa 11 asubuhi wakimaanisha hiyohiyo. Saa 12 kasoro robo asubuhi ni 05:45. Mteja mmoja anaandika "saa 2:00" tu, bila kusema asubuhi wala usiku. Mwingine anaandika 08:00 kwa sababu ndivyo simu yake inavyomwonyesha saa mbili asubuhi, na wa tatu anaandika 08:00 akiwa na maana ya saa nane mchana.

Moduli nzuri haibahatishi ikifika hapo. Inakataa, na inamwambia aliyeiita kwamba taarifa aliyoleta haijitoshelezi. Mafaili mengi niliyoyafungua yanabahatisha, tena kila moja kivyake, kiasi kwamba abiria yuleyule anaweza kuandikiwa muda mmoja kwenye mfumo wa wakala na muda mwingine kwenye mfumo wa mwenye basi.

Hilo bado ni dogo. Kigumu ni tarehe. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazifui dafu na mitumbwi mingi hupumzika. Mtumbwi unatoka jioni na kurudi alfajiri. Sasa karani wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia, tuseme Igombe au Kayenze, anaandika kwenye daftari: Jumamosi usiku, saa 8, ndoo 14. Saa 8 usiku ni 02:00, lakini 02:00 ya siku gani? Kwa karani, usiku ule ulianza jua lilipozama Jumamosi, basi ni usiku wa Jumamosi mpaka kunakucha. Kwa kompyuta, Jumapili imekwisha kuingia saa mbili nzima zilizopita. Na wapo wazee waliozoea hesabu ya kuanza siku mpya magharibi, ambao usiku huohuo wanauita usiku wa Jumapili. Watangazaji wa redio wanaliepuka tatizo hili kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumapili", maneno yasiyomwacha msikilizaji na shaka yoyote. Karani hana muda wa kuandika maneno yote hayo, na hapaswi kulazimishwa na programu.

Tazama kinachotokea programu ikigeuza saa peke yake na kuiacha tarehe kama ilivyoandikwa. Dagaa waliopimwa saa 5 usiku wanaingia kwenye hifadhidata kama Jumamosi 23:00. Waliopimwa saa 8 usiku, yaani saa tatu baadaye, wanaingia kama Jumamosi 02:00. Kwa mashine, shehena ya pili imefika saa 21 kabla ya ya kwanza. Jumla ya wiki inatoka sawa, ndiyo maana kosa linaweza kuishi humo muda mrefu bila mtu kushtuka. Lakini mgao ukihesabiwa kwa usiku, zile ndoo 14 zinahesabiwa kuwa za usiku wa kuamkia Jumamosi, na mvuvi aliyetoka siku hiyo anazidishiwa jasho la mwenzake. Hapo msimbo mbovu umegusa mfuko wa mtu ambaye hajawahi kuiona kompyuta ya tajiri, na hana namna ya kujua kwa nini hesabu yake imepungua.

Watu wa mbali wametupa mengi katika suala hili. CLDR, ile hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode, shirika linaloweka kanuni za maandishi ya kompyuta, ina majina ya miezi na siku kwa Kiswahili, na ndiyo inayolisha simu na kompyuta zetu. Hifadhidata ya majira ya dunia ina Africa/Dar_es_Salaam, saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya marejeo ya dunia, mwaka mzima. Nawashukuru kwa dhati. Ila hakuna hata moja kati ya hizo inayojua habari za usiku wa kuamkia, wala hatuna haki ya kungoja mtu wa California atufanyie.

Si kila kilichomo katika faili lile kinastahili kufanywa moduli mpya, na hapa natofautiana na wenzangu wanaotaka tuandike kila kitu wenyewe. Namba za simu ni mfano. Mtu mmoja anaandika 07 na tarakimu nane, mwingine anaanza na +255, mwingine 255 bila alama ya kujumlisha, na faili la Excel limekula sifuri ya mwanzo zikabaki tarakimu tisa. Kazi hii Google waliifanya zamani katika moduli yao ya libphonenumber, na tafsiri yake ya Python iko PyPI, hazina ya moduli za Python, kwa jina la phonenumbers. Inaijua Tanzania. Itumie. Ninayoyaona kwenye mafaili ya kunakili ni mabaya kuliko hiyo kwa mbali, hasa ile orodha inayosema namba zikianza hivi ni mtandao fulani na zikianza vile ni mtandao mwingine. Tangu 2017 Tanzania ina huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Tarakimu za mwanzo zinakuambia namba ilizaliwa wapi. Iko wapi leo hazijui. Bado kuna programu zinazomwambia mteja kwamba namba yake "si ya mtandao huu" kwa kutumia orodha ya kabla ya hapo.

VAT nayo haihitaji maneno mengi. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni 18%. Bei ya 118,000 ikiwa imejumuisha VAT, VAT iliyomo ni 18,000, lakini anayezidisha 118,000 kwa 0.18 anapata 21,240 na kuichapa kwenye ankara. Mistari mitatu ya msimbo na majaribio mawili yangelimaliza tatizo hilo kwa kila duka la Makoroboi. Na ile 0.18 isitapakae kwenye mafaili kumi. Ikae mahali pamoja, ikiwa na tarehe ilipoanza kutumika, kwa sababu bajeti husomwa kila Juni na viwango hubadilika.

Vipimo ni somo refu, nitaligusa tu. Anayeandika moduli inayogeuza gunia kuwa kilo 100 hajawahi kusimama Kirumba Mwaloni. Gunia la dagaa wakavu na gunia la mpunga havina uzito mmoja, na juu ya hapo kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ambayo Wakala wa Vipimo wanaipiga vita miaka nenda rudi. Moduli ya vipimo inatakiwa iulize kwanza: gunia la nini? Isipojibiwa, isitoe namba.

Sasa, moduli inatofautianaje na faili la kunakili? Wanaofundisha vijana wetu wanasema tofauti ni kuiweka PyPI au npm, hazina ya moduli za JavaScript, na hapo naona wanakosea. Lugha ya kompyuta ya Perl ilitolewa na Larry Wall mwaka 1987, lakini moduli kama tunavyozijua ziliingia na Perl 5 mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikafunguliwa CPAN, hazina ya pamoja ambayo nakala zake ziliwekwa kwenye seva za nchi nyingi. CPAN ilijenga desturi ambayo hazina nyingi zilizofuata hazikuirithi kwa ukamilifu: moduli inakuja na majaribio yake, na ukiisakinisha majaribio yanaendeshwa kwanza kwenye mashine yako. Yakishindwa, usakinishaji unasimama. Zaidi ya hapo lilikuwepo kundi la wanaojitolea, CPAN Testers, wanaochukua moduli za watu wengine, kuziendesha kwenye kompyuta za kila aina na kurudisha ripoti. Mwandishi aliye na kompyuta moja anapata kujua kwamba kazi yake inavunjika kwenye mashine ambayo hajawahi kuigusa. PyPI ilikuja 2003, npm 2010, zote zikaifanya kazi ya kupakia iwe nyepesi mno. Wepesi huo umeleta moduli nyingi sana, na nyingi kati yake hazina jaribio hata moja.

Kwa hiyo ninapodai tuandike moduli zetu, nadai majaribio kwanza. Moduli ya saa isiyo na jaribio la saa 6 usiku ni faili la kunakili lililovalishwa jina.

Nadai pia watunzaji, kwa sababu hapa ndipo hata wakubwa walipojikwaa. Machi 2016, mwandishi wa programu Azer Koçulu alikuwa na moduli nyingi npm, mojawapo ikiitwa kik. Kampuni ya Kik ikalitaka jina hilo, wasimamizi wa npm wakalikabidhi kwa kampuni, na yeye akaziondoa moduli zake zote. Mojawapo ilikuwa left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi kushoto mwa maandishi. Miradi mikubwa iliyokuwa ikiitegemea, mingi bila kujua, ikashindwa kujengwa siku hiyo hadi npm waliporudisha moduli ile. Wengi walicheka kwamba dunia ilisimama kwa mistari 11. Mimi naona aliyeandika mistari ile alikuwa anaihudumia dunia bila malipo, na siku alipoona hakutendewa haki hakuwa na mkataba na mtu yeyote wa kumzuia kuondoka.

Kisa cha moduli ya event-stream cha 2018 kinauma zaidi. Dominic Tarr aliiandika, ikapendwa, akafika mahali hata yeye hakuitumia tena. Mtu asiyemjua akajitolea kumsaidia, naye akamkabidhi ufunguo. Mgeni huyo akaongeza moduli ndogo yenye msimbo wa siri uliolenga kuiba kwenye pochi ya bitcoin iitwayo Copay. Ni rahisi kumlaumu Tarr. Lakini jiulize ni nani kati ya maelfu waliokuwa wakiitumia aliwahi kumwandikia kumuuliza kama amechoka.

Sisi wa Mwanza tunaingia katika mfumo huohuo kwa bando la simu, na mara nyingi kwa kukubali jina la kwanza lililotokea. Siku hizi programu za akili mnemba zinapendekeza moduli ambazo hazipo kabisa, na mhalifu anaweza kusajili majina hayo akisubiri mtu aandike. Ushauri wangu ni wa kazi za mikono: funga toleo kamili la kila moduli unayotumia ili lisibadilike lenyewe, angalia ni nani anaitunza na mara ya mwisho aliigusa lini, pakua mafaili yake mara moja na uyaweke kwenye kompyuta ya ofisi. Pip, chombo cha Python cha kusakinisha moduli, inakuruhusu kushusha moduli zote kwenye folda moja na kuzisakinisha baadaye bila intaneti. Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Tanzania nzima, na aliyekuwa na folda hiyo aliweza kusimamisha mfumo wa mteja Jumatatu asubuhi wakati wengine wanatazama mstari wa upakuaji ukiwa umeganda.

Najua pingamizi mbili zitakazokuja. Ya kwanza: msimbo wangu ndio mtaji wangu, nikiutoa bure mshindani ataula. Jibu langu ni kwamba hakuna tajiri anayekulipa kwa kugeuza saa. Anakulipa kwa kuuelewa mwalo wake, kwa kuja Jumapili mfumo unapokwama, kwa kumfundisha karani wake. Saa na VAT ni vitu ambavyo kila mshindani wako tayari anavyo, vikiwa na makosa, na makosa yake yanawafanya wateja wote wa mji huu waziogope programu za vijana wa hapa.

Ya pili ni nzito, na sina jibu jepesi: nani atazitunza? Kijana akimaliza chuo akapata kazi Dar es Salaam, moduli inabaki yatima. Ndiyo maana napendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kila moduli iwe na watunzaji wasiopungua wawili wenye uwezo wa kutoa toleo jipya, kutoka ofisi mbili tofauti. Ufunguo wa PyPI ulindwe kwa uthibitisho wa hatua mbili, ambao PyPI wenyewe wameulazimisha kwa wote tangu Januari 2024. Ofisi inayopata riziki kupitia moduli hiyo itenge saa chache za mfanyakazi wake kila mwezi kwa ajili yake, ziandikwe kwenye ratiba kama kazi ya mteja. Na vyuo vyetu viache kuwatuma wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutengeneza mfumo wa maktaba kila mwaka, mfumo ambao hautumiki hata siku moja baada ya kusahihishwa. Mwanafunzi akichukua moduli iliyopo, akaiongezea majaribio na kurekebisha makosa, apewe alama kamili kama aliyeanza upya. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa wanaojua kama moduli ya saa imekosea ni makarani na wakata tiketi.

Moduli ya kwanza iwe ya saa na tarehe, kwa sababu haiingiliwi na bajeti wala haitegemei kampuni yoyote ya simu. Na isianze na msimbo. Ianze na karatasi yenye safu mbili: kushoto maneno kama watu wanavyoyaandika, kulia tarehe na saa waliyokusudia. Wakata tiketi wa stendi ya Nyegezi wajaze mistari yao, manesi wa zamu ya usiku yao, makarani wa Igombe na Kayenze yao. Pale ambapo wawili wanaandika maneno yaleyale wakikusudia siku tofauti, mstari huo uwekewe alama, na moduli ifundishwe kuuliza. Karatasi hiyo ikikamilika, wa Python watatengeneza ya kwao na wa PHP ya kwao, na zote mbili zitapimwa kwa mistari ileile.